Salim bin Khalfan: Liwali wa Malindi aliyesoma mkondo wa uchumi wa dunia

WATU wengi wanaposikia habari za biashara inayotegemea mwelekeo wa uchumi wa dunia, fikra zao huenda moja kwa moja London au New York, kwa mabwana wenye tai wanaotazama bei zikipanda na kushuka kwenye viwambo vya kompyuta. Humkumbuka George Soros, aliyejizolea faida kubwa Septemba 1992 baada ya kubashiri kwamba serikali ya Uingereza isingeweza kuitetea thamani ya pauni. Ni wachache wanaofahamu kwamba hesabu za namna hiyo zilipigwa pia Malindi, zaidi ya karne moja iliyopita, katika mji uliojaa magunia ya mtama na ufuta.

Miongoni mwa waliozipiga alikuwa Salim bin Khalfan Al-Busaidi, liwali wa Malindi na baadaye liwali wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1920 akihesabiwa kati ya matajiri wakubwa kabisa wa Pwani ya Kenya. Hakuacha kitabu kinachoeleza kanuni zake. Hata hivyo, anayefuatilia mali aliyoinunua, mahali alipohamia na watu aliosimama nao wakati wa misukosuko, anaweza kuisoma falsafa yake kwa matendo. Na akiisoma hadi mwisho, ataona pia gharama yake na ni nani walioilipa.

Mji uliofufuliwa na karafuu

Mwaka 1498 mfalme wa Malindi alimpokea Vasco da Gama kwa heshima, ilhali Mombasa ilikuwa imemkabili kwa shari. Urafiki huo na Wareno uliupa mji huo umaarufu wa muda. Baadaye watawala wake walihamia Mombasa, na kufikia nusu ya kwanza ya karne ya 19 Malindi ilikuwa magofu yaliyomezwa na vichaka. Ilifufuka mapema katika miaka ya 1860, Seyyid Majid bin Said wa Zanzibar alipotuma askari na walowezi kuikalia upya na kulima ardhi yake yenye rutuba.

Sababu ya kufufuka huko haikuwa Malindi kwenyewe. Unguja na Pemba zilikuwa zimegeuzwa mashamba ya karafuu, na kadiri mikarafuu ilivyoongezeka ndivyo nafasi ya kulima chakula ilivyopungua. Watu wa visiwani walihitaji mtama kutoka bara. Kadhalika miji ya Bara Arabu, ambako mvua ni haba, ilitegemea nafaka iliyosafirishwa kwa majahazi wakati wa kusi. Nao ufuta wa Pwani ulikuwa na wateja hadi Marseille nchini Ufaransa, ambako ulikamuliwa mafuta na kutengenezewa sabuni. Katika muda wa miaka isiyozidi 20, Malindi ilipata sifa ya kuwa ghala la nafaka la Afrika Mashariki.

Hapo ndipo alipochipukia Salim bin Khalfan. Alikuwa wa ukoo wa Busaidi, ukoo wa masultani wa Oman na Zanzibar, lakini ukoo huo ulikuwa na matawi mengi na nasaba pekee haikumjazia mtu ghala. Alichanganya biashara na uongozi. Akiwa liwali, alikuwa jicho na mkono wa Sultani katika mji huo: aliamua mashauri, alilinda amani na kupokea maagizo kutoka Zanzibar. Pamoja na kazi hiyo alijikusanyia mashamba, akawa mmoja wa wenye ardhi wakubwa kabisa Malindi.

Bei ya gunia na sababu ya bei

Wenye mashamba wengi wa wakati huo walikuwa hodari wa kilimo. Walijua msimu wa kupanda, walijua udongo, walijua kutofautisha mtama mzuri na uliobunguliwa. Udhaifu wao ulikuwa katika kuitazama bei ya gunia bila kuitafuta sababu ya bei hiyo. Msimu ukiwa mzuri walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, wakaweka shamba rahani, wakapanua kilimo. Mavuno yalipoingia kwa pamoja bei ilishuka, na deni lilikuwa palepale. Ndivyo mashamba mengi ya Pwani yalivyobadili wenyewe bila mtu kurusha hata jiwe.

Kanuni ya kwanza ya mwenye kufanya biashara kwa kutazama uchumi mpana ni kuuliza nani ananunua, na kwa nini ananunua. Mtama wa Malindi ulikuwa na thamani kwa sababu ya karafuu za Unguja na Pemba. Basi aliyelima mtama Malindi alikuwa pia, bila kujua, na hisa katika soko la karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, habari hiyo ilimhusu mkulima wa Malindi aliyekuwa hajapata kuiona hata mbegu ya karafuu. Vivyo hivyo, ukame wa Arabuni au mavuno mema ya huko yalimgusa kabla hajalipia gunia la kwanza la msimu.

Liwali alikuwa na nafasi bora ya kuyaona mambo haya kuliko mkulima wa kawaida. Barua za Zanzibar zilimfikia yeye kwanza, na manahodha walihitaji idhini na hisani yake. Katika masoko ya leo, kiongozi wa serikali anayewekeza kwa kutumia habari ambazo umma haujazipata anaweza kujikuta kizimbani. Katika karne ya 19 cheo na biashara vililala kitanda kimoja, na hakuna aliyeshangaa. Kwa hivyo anayetaka kumsifu Salim kwa upevu wa macho, budi akumbuke pia kwamba alisimama mahali palipoinuka.

Mikataba iliyobadili hesabu

Gharama kubwa ya kilimo cha Malindi ilikuwa nguvu za watu, na watu wenyewe walikuwa watumwa. Maelfu ya Waafrika walioletwa kutoka maeneo ya kusini na bara walilima mashamba hayo chini ya wasimamizi. Salim bin Khalfan alikuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa wa watumwa, na hakuna namna ya kuieleza mali yake bila kulitaja jambo hilo.

Juni 5, 1873, Seyyid Barghash bin Said alitia sahihi mkataba na Uingereza wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kulifunga soko la watumwa la Zanzibar. Wafanyabiashara waligeukia njia za nchi kavu zilizofuata Pwani. Mwaka 1876 Sultani akazipiga marufuku nazo. Kwa mwenye kutazama msimu mmoja tu, marufuku hayo yalikuwa usumbufu: bei ya mtumwa ilipanda, lakini kazi iliendelea. Kwa mwenye kutazama mbali, yalikuwa tangazo kwamba mfumo mzima ulikuwa umehukumiwa, na kilichobaki ni tarehe.

Watumwa wenyewe waliiharakisha tarehe hiyo. Wengi walitoroka mashamba ya Malindi, Mambrui na Takaungu, wakaanzisha vijiji vyao bara, kikiwemo Fuladoyo. Wengine walipata hifadhi katika vituo vya wamishonari kama Rabai. Mwanzoni mwa mwaka 1889, Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ililazimika kuwalipa mabwana fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya elfu moja waliokuwa katika vituo hivyo, ili kuepusha vita. Mwaka 1890 amri ya Sultani ilikataza kuuza na kununua watumwa. Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilifuta kabisa hali ya utumwa kisheria katika Pwani ya Kenya.

Mali iliyohesabiwa vichwa ilikuwa inaondoka kwa miguu yake. Mashamba ya mtama, yanayohitaji kupaliliwa na kulindwa dhidi ya ndege, hayakuweza kustahimili uhaba wa watu. Wenye ardhi wengi wa Pwani waligeukia minazi, ambayo huhitaji mikono michache, au waliwaachia watumwa wa zamani na wageni kulima kwa malipo madogo. Hapa kuna funzo ambalo wawekezaji wa kizazi chochote huchelewa kulishika. Mtu mwenye mashamba kumi ya mtama yanayotegemea nguvu za aina moja hana mali kumi. Ana mali moja iliyogawanywa sehemu kumi, na siku tegemeo lake likivunjika yote huanguka pamoja.

Upande wa kusimama

Mabadiliko ya utawala yalikuwa makubwa vilevile. Mwaka 1887 Barghash aliikabidhi jumuiya ya William Mackinnon haki za kusimamia Pwani, na mwaka uliofuata kampuni yao ikapata hati ya kifalme. Julai 1895, kampuni ikiwa imeishiwa fedha, serikali ya Uingereza iliichukua nchi yenyewe. Ukanda wa maili 10 wa Pwani ulibaki kwa jina chini ya bendera ya Sultani, na maliwali wakaendelea kuwepo, lakini amri ilikuwa imehama.

Mwaka huohuo Pwani iligawanyika. Baada ya kifo cha Salim bin Hamis, kiongozi wa Mazrui wa Takaungu, Waingereza walimtambua mrithi wanayempendelea, nao Mazrui wengine wakaongozwa na Mbaruk bin Rashid wa Gazi kushika silaha. Takaungu ilishambuliwa, vijiji vilichomwa, na biashara ilisimama kwa miezi mingi. Mnamo Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani.

Salim bin Khalfan, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Mombasa kama liwali, alisimama upande wa serikali. Mtu anaweza kuuita uamuzi huo busara, na mwingine anaweza kuuita usaliti. Kwa hesabu ya uchumi ulikuwa uamuzi mkubwa kuliko ununuzi wa shamba lolote, kwa kuwa mali ya ardhi haina thamani zaidi ya nguvu za yule anayeilinda hati yake. Mazrui walioasi walipoteza ardhi na vyeo. Salim alibaki liwali wa Mombasa hadi mwisho wa uhai wake.

Kutoka ghala hadi gati

Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandaza reli kutoka Mombasa, na kufikia Desemba 1901 ilikuwa imefika ukingoni mwa Ziwa Victoria. Reli hiyo iliugeuza uchumi wa Pwani kichwa chini miguu juu. Kabla yake, mji ulipata faida kwa kuwa na udongo mzuri nyuma yake na majahazi mbele yake. Baada yake, faida ilikwenda mahali penye kituo cha treni na maji marefu ya kutia nanga meli za mvuke. Malindi ilikuwa na udongo mzuri. Mombasa ilikuwa na Kilindini.

Vibarua, wakiwemo waliokuwa watumwa, walifuata mishahara ya Mombasa. Bei ya viwanja katika kisiwa hicho na ng'ambo zake ilipanda, huku mashamba mengi ya Malindi yakirudi kuwa pori. Familia ya Salim bin Khalfan ilikuwa na ardhi kote kuwili. Wakati wenzao waliobaki na mashamba matupu walikuwa wakiuza ili kulipa madeni, nyumba na viwanja vya Mombasa viliwapa yeye na wanawe utajiri mpya. Msingi wa mali uliokuwa mtama ulihamia kwenye kodi za mji.

Kinyume chake kilionekana karibu na mto Sabaki. Bei ya mpira ilipopaa katika soko la dunia mnamo 1910, kampuni za Kizungu zilikuwa zimemiminika Malindi kupanda mpira, na nyingine pamba. Walivutwa na bei. Mpira huchukua miaka kabla ya kugemwa, na kabla haujawalipa, mashamba makubwa ya Asia yalikuwa yamelijaza soko na bei ikaporomoka. Walikuwa wameiona bei wasione wapandaji wenzao walioko Malaya na Ceylon.

Fedha nayo ni bidhaa

Kulikuwa na mkondo mwingine uliopita chini kwa chini. Biashara ya Pwani ilifanywa kwa riale za Maria Theresa na rupia za India, sarafu zote mbili za fedha. Ujerumani ilipoingia katika mfumo wa dhahabu mapema miaka ya 1870 na mataifa mengine kuifuata, thamani ya madini ya fedha ilianza kushuka duniani. Rupia iliyokuwa karibu na shilingi mbili za Uingereza ilishuka hadi kukaribia shilingi moja na peni chache katika miaka ya 1890, kabla ya kufungwa kwa kiwango cha rupia 15 kwa pauni moja. Aliyeweka akiba yake katika mfuko wa riale aliona idadi ileile ikipungua nguvu mwaka hadi mwaka. Ardhi na nyumba hazikuwa na ugonjwa huo.

Mwaka 1920, ule aliofariki Salim bin Khalfan, kipigo kilitoka upande wa pili. Rupia ilikuwa imepanda wakati wa Vita Kuu vya Kwanza, na serikali ikaamua kuifunga kwa shilingi mbili, yaani rupia 10 kwa pauni. Mkulima aliyekopa rupia 1,500 akidhani anadaiwa pauni 100 alijikuta anadaiwa pauni 150, ilhali mazao yake yaliuzwa katika soko lililokuwa linadidimia. Wengi walifilisika. Mfano huo unaonyesha kwa nini deni lilikuwa hatari kuu kwa wote waliocheza na mikondo mikubwa. Mtu anaweza kuwa na rai sahihi juu ya dunia, lakini akiwa amekopa kupita kiasi hatakuwepo siku rai hiyo itakapotimia.

Wakenya walilionja hilo tena mwaka 2008, wengine walipokopa benki ili kununua hisa za Safaricom kwa shilingi tano. Kampuni ilikuwa imara, na baada ya miaka kadhaa bei ilipanda mno. Lakini msukosuko wa fedha wa dunia uliifikia Nairobi mwaka huohuo, hisa zikashuka chini ya bei ya kuanzia, na riba ya mkopo haikungoja.

Waliolipa gharama

Falsafa ya Salim bin Khalfan inaweza kufupishwa hivi: kutafuta nguvu inayoisukuma bei, kusoma sheria kabla ya kusoma soko, kusimama karibu na mwenye mamlaka, na kuhamisha mali kabla ya tegemeo kuvunjika. Kwa kipimo cha faida ilifaulu. Mwanawe, Ali bin Salim, alimrithi kama liwali wa Mombasa, akakaa katika Baraza la Kutunga Sheria kuwawakilisha Waarabu na kupewa cheo cha Sir. Alitoa ardhi na fedha nyingi kwa shughuli za umma kabla ya kufariki mwaka 1940.

Lakini kila biashara ina upande wa pili. Watumwa waliojenga jina la Malindi kama ghala walipoachiliwa, fidia walilipwa waliokuwa mabwana wao. Wao wenyewe hawakupewa shamba. Wagiriama, waliokuwa wakilima nafaka nyingi kaskazini mwa Sabaki na kuipitisha katika bandari ya Malindi, walikataa kugeuzwa vibarua wa mashamba ya wageni. Mekatilili wa Menza aliwaapisha mwaka 1913, na mwaka 1914 serikali iliwapiga vita, ikachoma nyumba zao na kuwafukuza ng'ambo ya mto. Mji uliokuwa umekwisha kupoteza nguvu za watumwa ukapoteza sasa na nafaka ya wakulima huru.

Jambo lililodumu kuliko yote ni hati. Sheria ya mwaka 1908 ilimtaka kila anayedai ardhi ya ukanda wa Pwani aje na dai lake lisajiliwe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wenye barua za kadhi, mashahidi na mawakili walipata vyeti. Wamijikenda wengi na waliokuwa watumwa, ambao haki yao ilikuwa ni kulima na kuzika wafu wao mahali hapo, walibaki bila karatasi. Wajukuu wao wanaitwa maskwota katika Kaunti ya Kilifi hadi leo, na kesi za mashamba yenye hati za enzi hizo hazijakwisha mahakamani.

Salim bin Khalfan hakuitunga sheria hiyo, wala hakuwa peke yake katika kunufaika nayo. Aliiona ikija, kama alivyoyaona mengine, na ilimkuta amejiandaa. Katika vitabu vya biashara jambo hilo huhesabiwa kuwa ushindi. Kwenye ardhi yenyewe, kati ya Mtwapa na Mambrui, faida ya upande mmoja ilikuwa hasara ya upande mwingine, na hesabu hiyo haijafungwa.